Vipimo vya damu kwa watoto mahututi: thamani yake huonekana baada ya dozi ya kwanza

Na Mwandishi Wetu

Mpango Kazi wa Taifa wa Kupambana na Usugu wa Vimelea dhidi ya Dawa, ambao awamu yake ya pili inatekelezwa kati ya mwaka 2023 na 2028, umejengwa juu ya msimamo ambao wananchi wameusikia mara nyingi: antibayotiki zitumike pale tu zinapohitajika, na maabara iwe shahidi wa hitaji hilo. Msimamo huo ni sahihi na hauna mpinzani wa maana. Ugumu wake hujitokeza mlangoni mwa wodi ya watoto, usiku, anapofikishwa mtoto wa mwaka mmoja na nusu asiyeweza kunyonya wala kunywa, anayepumua kwa kasi, mwenye mikono na miguu ya baridi na macho yasiyomfuata mama yake. Je, mtoto huyo naye asubiri majibu ya maabara?

Jibu la kitabibu ni kwamba asisubiri. Miongozo ya kimataifa ya matibabu ya watoto iliyotolewa mwaka 2020 inaelekeza kwamba mtoto mwenye dalili za sepsisi, yaani hali ambayo mwitikio wa mwili dhidi ya maambukizi unaanza kuharibu viungo vyake wenyewe, aanzishiwe antibayotiki ndani ya saa moja iwapo mzunguko wake wa damu umedhoofika, na ndani ya saa tatu iwapo mzunguko bado uko imara. Ni muda mfupi kuliko ule unaohitajika na maabara yoyote duniani kuotesha bakteria kutoka katika damu.

Pengo hilo kati ya saa moja ya daktari na siku kadhaa za maabara ndilo linalozipa umuhimu protini na kemikali ambazo mwili huzitoa unapopambana na maambukizi, na ambazo zinaweza kupimwa katika damu, katika mkojo au katika majimaji ya uti wa mgongo kwa muda usiozidi saa chache. Wataalamu huziita viashiria. Katika miaka ya karibuni mashine ndogo za kupima viashiria hivyo zimekuwa zikitangazwa katika nchi nyingi za Afrika kama suluhisho la swali gumu: homa hii ni ya bakteria, ya virusi au ya malaria? Mwananchi anayefuatilia taarifa za ununuzi wa vifaa tiba anastahili kueleweshwa vifaa hivyo vinaweza nini, na mahali gani visitegemewe.

Kiashiria kikongwe zaidi kinajulikana katika maabara kwa herufi CRP. Kiligunduliwa mwaka 1930 na William Tillett na Thomas Francis katika Taasisi ya Rockefeller jijini New York, walipokuwa wakichunguza damu ya wagonjwa wa nimonia. Ni protini inayotengenezwa na ini baada ya kupokea ishara kwamba kuna uvamizi au jeraha mahali fulani mwilini. Huanza kupanda saa sita hadi kumi na mbili baada ya maambukizi kuanza na hufikia kilele baada ya siku moja na nusu hadi mbili. Kwa maneno mengine, mtoto aliyeletwa mapema mno, jambo ambalo kila kampeni ya afya humhimiza mzazi alifanye, anaweza kuwa na CRP ya kawaida ilhali bakteria wameshaingia katika damu yake.

Kiashiria cha pili, prokalsitonini, kina historia fupi zaidi. Mwaka 1993 watafiti wa Ufaransa waliripoti katika jarida la Lancet uchunguzi wa watoto 79 waliolazwa kwa kushukiwa kuwa na maambukizi. Watoto 19 waliokuwa na maambukizi makali ya bakteria walikutwa na kiwango cha kati ya nanogramu 6 na 53 katika kila mililita ya damu, huku wale 21 wasio na dalili za maambukizi wakiwa chini ya nanogramu 0.1. Tofauti kubwa kiasi hicho ni adimu katika tiba, na ndiyo iliyozindua matumaini yote yaliyofuata. Prokalsitonini hupanda mapema kuliko CRP, ndani ya saa chache, na katika magonjwa mengi ya virusi uzalishaji wake huzuiwa na kemikali ambazo mwili huzitoa kupambana na virusi. Shirika la Afya Duniani liliviingiza vipimo vyote viwili katika orodha yake ya kwanza ya vipimo muhimu, iliyotolewa mwaka 2018.

Hata hivyo, watoto wale 79 walikuwa Ulaya. Hawakuwa na malaria.

Malaria kali hupandisha CRP, na hupandisha prokalsitonini pia, wakati mwingine hadi viwango ambavyo daktari wa Paris angevisoma bila kusita kama ushahidi wa bakteria. Kinyume chake nacho ni cha hatari: mtoto mwenye utapiamlo mkali anaweza kuwa na maambukizi mazito bila homa, na mwitikio wa mwili wake ukawa hafifu kiasi cha kumdanganya anayesoma kipimo. Ndiyo maana mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unaelekeza mtoto aliyelazwa kwa utapiamlo mkali wenye matatizo apewe antibayotiki bila kungoja ushahidi wa aina hiyo. Kwa mtoto mchanga kuna tatizo jingine kabisa, kwa kuwa prokalsitonini hupanda yenyewe katika siku mbili za mwanzo za maisha, hata kwa mtoto mwenye afya njema. Kiwango ambacho kwa mtoto wa miaka miwili kingekuwa cha kutisha, kwa mtoto wa siku moja kinaweza kuwa cha kawaida.

Tanzania ina takwimu zake kuhusu jambo hili, nazo zinafaa kusomwa kwa makini na kila anayedhani kwamba kipimo cha malaria kikiwa chanya basi uchunguzi umekwisha. Katika Hospitali Teule ya Muheza, mkoani Tanga, watafiti waliwafuatilia watoto 3,639 waliolazwa kati ya mwaka 2006 na 2007, na matokeo yakachapishwa mwaka 2010. Watoto 2,195 walikuwa na vimelea vya malaria. Watoto 184 walikuwa na maambukizi ya bakteria yaliyothibitishwa katika damu au katika majimaji ya uti wa mgongo. Kati ya hao 184, watoto 100 walikuwa na vimelea vya malaria pia. Zaidi ya nusu ya watoto wenye bakteria, kwa hiyo, walikuwa na jibu la malaria ambalo lingeweza kumridhisha mhudumu mwenye haraka na kumfanya afunge faili.

Takwimu za Muheza zinatusaidia pia kuelewa kwa nini kipimo kizuri kinaweza kutoa majibu mengi yasiyo sahihi. Tuchukue mfano wa hesabu tu, usio wa hospitali yoyote. Watoto 1,000 wamelazwa, na kati yao 50 wana bakteria katika damu, uwiano unaokaribia ule wa Muheza. Tuseme tuna kipimo kinachowabaini wagonjwa 80 katika kila 100 wenye bakteria, na kinachowaondolea shaka watoto 80 katika kila 100 wasio nao. Kipimo hicho kitawabaini watoto 40 kati ya 50. Lakini pia kitawaonyesha kimakosa watoto 190 kati ya 950 wasio na bakteria. Majibu chanya yatakuwa 230, na ya kweli kati ya hayo ni 40, chini ya moja katika tano. Upande wa majibu hasi hali ni nzuri zaidi: kati ya watoto 770 walioambiwa hawana bakteria, 10 tu ndio walionao.

Wauzaji wa mashine hupenda kuonyesha safu hii ya mwisho, na hawasemi uongo. Jibu hasi lina nguvu kuliko jibu chanya. Swali ni watoto wale kumi ni akina nani. Katika zahanati, ambako watoto wengi huja wakitembea au wakicheza mgongoni mwa mama, mtoto aliyekosewa anaweza kurudi kesho yake akapimwa upya. Katika wodi ya watoto mahututi hakuna kesho ya kuaminika. Utafiti wa Hospitali ya Wilaya ya Kilifi, nchini Kenya, uliochapishwa mwaka 2005 na uliohusisha watoto waliolazwa kati ya mwaka 1998 na 2002, ulionyesha kwamba kati ya vifo 308 vya watoto waliokuwa na bakteria katika damu, vifo 103 vilitokea siku ileile ya kulazwa, na vifo 217 ndani ya siku mbili. Bakteria hao walikutwa katika asilimia 12.8 ya watoto wachanga wa chini ya siku 60 na asilimia 5.9 ya waliozidi umri huo. Asilimia 26 ya vifo vyote hospitalini hapo ilikuwa ya watoto wenye maambukizi hayo.

Takwimu za Kilifi zina umri wa zaidi ya miaka ishirini, na mengi yamebadilika tangu wakati huo. Chanjo dhidi ya bakteria wa Haemophilus influenzae aina b iliingizwa katika ratiba ya Tanzania mwaka 2009, na chanjo dhidi ya nimonia ya nyumokokasi kuanzia mwaka 2013. Matokeo yake ni habari njema yenye upande wa pili usiozungumzwa sana: kadiri bakteria wanavyopungua miongoni mwa watoto wanaolazwa, ndivyo majibu chanya ya kimakosa yanavyozidi kuwa mengi ukilinganisha na ya kweli. Kipimo kilekile, mashine ileile, lakini maana ya jibu imebadilika kwa sababu watoto wamechanjwa. Mtaalamu anayetumia kiwango cha mpaka kilichowekwa kwa watoto wa nchi nyingine, au wa miaka ishirini iliyopita, anapima kwa mizani isiyokuwa ya soko lake.

Kutokana na hayo, haishangazi kwamba vigezo vipya vya kimataifa vya kutambua sepsisi kwa watoto, vilivyochapishwa Januari 2024 na kujulikana kwa jina la Phoenix, havimo CRP wala prokalsitonini. Vigezo hivyo vilitokana na kumbukumbu za zaidi ya mahudhurio milioni tatu ya watoto katika hospitali za nchi tano: Marekani, Colombia, China, Bangladesh na Kenya. Vinaangalia mapafu, moyo na mzunguko wa damu, uwezo wa damu kuganda, na fahamu. Kutoka maabara vinachukua lakteti, chembe sahani na vipimo vya kuganda kwa damu, ambavyo vyote hueleza ukubwa wa madhara yaliyompata mtoto bila kumtaja aliyeyasababisha. Watoto waliotimiza vigezo hivyo walifariki kwa asilimia 7.1 katika hospitali zenye rasilimali nyingi na asilimia 28.5 katika zile zenye rasilimali kidogo. Tofauti ya mara nne kati ya watoto wenye alama zilezile haiwezi kuelezwa na viashiria vya damu peke yake.

Kuhusu lakteti, inafaa kuongeza neno, kwa kuwa mashine za kuipima zipo sasa katika hospitali kadhaa. Hupanda pale viungo vinapokosa oksijeni ya kutosha, iwe kwa sababu ya bakteria, malaria, upungufu mkubwa wa damu au kuharisha kulikokausha mwili. Ni king'ora cha moto kisichoeleza nini kinaungua. Mtoto mwenye lakteti ya juu anahitaji kitanda karibu na muuguzi, na hilo ni jibu la maana kubwa katika wodi yenye vitanda vingi na wauguzi wachache.

Hali ni tofauti katika majimaji ya uti wa mgongo, na hapa ndipo viashiria hufanya kazi yao kwa uwazi zaidi. Bakteria wanapoyaingia majimaji hayo, sukari hushuka, protini hupanda, na chembe nyeupe ambazo kwa kawaida karibu hazipo huongezeka hadi mamia au maelfu. Majimaji yanayopaswa kuwa maangavu kama maji ya mvua huanza kuwa na ukungu unaoonekana kwa macho. Kipimo cha chembe kinahitaji darubini, kioo maalumu cha kuhesabia na mtaalamu wa maabara mwenye mazoezi. Hakuna mashine ya bei kubwa inayohitajika. Tena mabadiliko hayo yana sifa moja yenye thamani ya pekee: hudumu. Dozi ya kwanza ya antibayotiki inaweza kuwaua bakteria katika majimaji hayo ndani ya saa chache, kiasi kwamba maabara ikijaribu kuwaotesha haipati kitu. Lakini chembe nyeupe, protini na sukari hazirudi katika hali ya kawaida kwa haraka hiyo. Mtoto aliyechomwa sindano ya dawa katika kituo cha afya kabla ya kupewa rufaa, jambo ambalo mwongozo unaelekeza na ambalo huokoa maisha, bado anaweza kuchunguzwa siku inayofuata na ugonjwa wake ukabainika.

Wapo wazazi wanaokataa mtoto wao achomwe sindano mgongoni, wakiamini kwamba ndiyo inayoleta ulemavu au kifo. Hofu hiyo ina chanzo kinachoeleweka: sindano hufanywa kwa watoto walio wagonjwa sana, na baadhi yao hufariki au hubaki na ulemavu kutokana na homa ya uti wa mgongo yenyewe. Sindano huingizwa chini ya mahali uti wa mgongo unapoishia. Kwa mtoto ambaye presha ndani ya kichwa inashukiwa kuwa juu, au ambaye mzunguko wake wa damu haujatulia, madaktari huahirisha sindano hiyo na kuanza dawa kwanza. Kuahirisha si kupuuza. Mzazi akielezwa mapema kwamba uchunguzi utafanyika baadaye hali ikitengemaa, hatashangaa wala kuhisi kuna jambo linafichwa.

Turudi sasa katika damu. Iwapo kiashiria hakipaswi kumzuilia mtoto mahututi dozi ya kwanza, kina faida gani? Maoni ya makala haya ni kwamba faida yake iko katika siku ya pili na ya tatu, wakati swali linapogeuka kutoka kuanza dawa na kuwa kuendelea nazo au kuziacha. Kiashiria kimoja kilichopimwa mara moja ni picha ya mnato. Vipimo viwili au vitatu vilivyofuatana vinaonyesha mwelekeo. CRP hupungua kwa nusu katika kila saa 19 hivi pale chanzo kinapodhibitiwa. Isiposhuka baada ya siku mbili za dawa, daktari anapewa sababu ya kutafuta upya: pengine bakteria ni sugu kwa dawa iliyochaguliwa, pengine kuna usaha uliojificha, pengine ugonjwa ni kifua kikuu, na pengine tangu mwanzo haukuwa ugonjwa wa bakteria.

Ushahidi wa matumizi ya namna hiyo upo, ingawa haukubaliani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulihusisha watoto wachanga 1,710 katika hospitali 18 za Uholanzi, Uswisi, Canada na Jamhuri ya Czech. Pale uamuzi wa kuacha dawa ulipoongozwa na prokalsitonini, wastani wa muda wa antibayotiki ulipungua kutoka saa 65.0 hadi saa 55.1. Ni saa kumi tu, lakini kwa mtoto mchanga asiye na maambukizi saa hizo zinaweza kuwa tofauti kati ya kurudi nyumbani leo na kulala hospitali usiku mwingine. Utafiti mwingine, uliochapishwa mwaka 2025 na uliowahusisha watoto 1,949 katika hospitali 15 za Uingereza na Wales, haukuona faida ya maana: saa 96.0 kwa waliopimwa dhidi ya saa 99.7 kwa wasiopimwa. Hospitali hizo tayari zilikuwa na mifumo imara ya kusimamia antibayotiki, ambapo kila dozi inahojiwa. Mahali ambapo watu wanafanya kazi hiyo vizuri, mashine haina mengi ya kuongeza. Tafiti hizo mbili zinaacha wazi swali linalotuhusu sisi moja kwa moja: mahali ambapo mfumo huo bado ni dhaifu, je, kiashiria kitaujenga, au kitatumika kama mbadala wake?

Tafiti zilizofanyika nchini zinatoa matumaini, kwa sharti kwamba zisomwe zilivyo. Mwaka 2014 jarida la New England lilichapisha uchunguzi wa watoto 1,005 wenye homa waliohudhuria kliniki za Dar es Salaam na Ifakara. Asilimia 70.5 walikuwa na ugonjwa wa virusi na asilimia 22 ugonjwa wa bakteria. Miaka mitatu baadaye, utafiti katika kliniki tisa za Dar es Salaam ulionyesha kwamba wahudumu walioongozwa na programu ya simu pamoja na vipimo vya CRP na prokalsitonini waliandika antibayotiki kwa asilimia 11.5 ya watoto, ikilinganishwa na asilimia 29.7 kwa waliotumia mwongozo wa kielektroniki bila viashiria hivyo, na asilimia 94.9 katika utaratibu wa kawaida. Watoto walioshindwa kupona walikuwa asilimia 2.3 dhidi ya 4.1 kati ya makundi mawili ya kwanza. Baadaye programu iliyoendelezwa kutokana na kazi hiyo ilijaribiwa katika vituo 40 vya mikoa ya Mbeya na Morogoro, na matumizi ya antibayotiki yakawa asilimia 23.2 dhidi ya 70.1.

Hayo ni mafanikio ya kujivunia. Lakini watoto hao walikuwa wagonjwa wa nje. Mtoto mwenye dalili za hatari alitengwa mapema na kupelekwa katika njia nyingine ya matibabu, ambako dawa hutangulia. Itakuwa kosa kubwa kuchukua namba za kliniki na kuzihamishia katika chumba cha wagonjwa mahututi, kisha mtoto akanyimwa dozi kwa sababu CRP yake haikufika mpaka uliowekwa kwa mtoto mwenye kikohozi. Na ni kosa linaloweza kufanyika kwa nia njema kabisa, hasa sasa ambapo kupunguza matumizi ya antibayotiki ni kipimo cha utendaji mzuri.

Upande wa pili wa mizani una uzito wake. Katika Hospitali ya Taifa Muhimbili, watafiti waliwafuatilia watoto 1,828 waliolazwa kati ya mwaka 2001 na 2002. Kati ya waliokuwa na maambukizi ya damu ya bakteria wa kundi la Gramu-hasi, asilimia 43.5 walifariki. Kwa wenye malaria ilikuwa asilimia 20.2, na kwa wenye bakteria wa Gramu-chanya asilimia 16.7. Kupewa dawa isiyoweza kuwaua bakteria kwa sababu ya usugu kulihusishwa na kifo. Hakuna CRP wala prokalsitonini inayoweza kueleza kwamba bakteria fulani amekuwa sugu kwa dawa fulani. Jambo hilo huelezwa na njia moja tu iliyoenea, nayo ni kuwaotesha bakteria wenyewe na kuwajaribu kwa dawa moja baada ya nyingine.

Hapa ndipo maamuzi ya bajeti yanapokutana na tiba. Kupitia Mpango wa Maendeleo kwa Ustawi wa Taifa na Mapambano dhidi ya UVIKO-19, uliozinduliwa Oktoba 2021 kwa fedha za mkopo zenye thamani ya Shilingi trilioni 1.3, Serikali ilijenga majengo ya huduma za dharura na vyumba vya wagonjwa mahututi katika hospitali nyingi ambazo hazikuwa navyo. Majengo hayo yameleta mahitaji yasiyoonekana siku ya uzinduzi. Mashine ya kupima kiashiria inahitaji vitendanishi kila mwezi, na vikikosekana inageuka samani. Chupa ya kuoteshea damu ina tarehe ya mwisho wa matumizi. Mtoto mdogo anatolewa mililita moja hadi tatu tu za damu, na ikipungua hapo uwezekano wa kumkosa bakteria unaongezeka. Mtaalamu wa maabara anahitajika Jumamosi usiku, siyo Jumatatu asubuhi. Na jibu likitoka saa nane usiku, lazima kuwe na mtu wa kumpigia simu daktari wa zamu na siyo kuliweka katika daftari hadi litakapoulizwa.

Iwapo halmashauri au hospitali ya rufaa ya mkoa ina fedha za jambo moja tu mwaka huu, mwandishi wa makala haya angependekeza zianze na uwezo wa kuchukua damu kwa usahihi kabla ya dozi ya kwanza na kuiotesha, pamoja na hesabu ya chembe katika majimaji ya uti wa mgongo. Mashine ya viashiria ifuate baada ya hapo. Ikitangulia peke yake italeta namba ambazo hazina cha kulinganishwa nacho, na madaktari watajifunza ama kuziamini kupita kiasi ama kuzipuuza. Ikija mahali ambapo majibu ya kuotesha damu yanarudi kila siku ya pili na ya tatu, kila hospitali itaweza kujua, kwa watoto wake na kwa kiwango chake cha malaria, namba ipi ina maana na ipi haina.

Mzazi au mlezi aliye kando ya kitanda hahitaji kuzijua herufi hizi zote. Yapo maswali machache anayoweza kumuuliza mhudumu kwa heshima, na ambayo mhudumu hana sababu ya kuyaona kama usumbufu. Je, mtoto ameshapata dozi ya kwanza? Damu ilichukuliwa kabla ya dozi hiyo? Majibu yanatarajiwa lini, na nani atanieleza? Iwapo mtoto alipewa sindano au dawa nyingine kabla ya kufika hospitali, iwe kituoni au katika duka la dawa, jina la dawa na saa aliyopewa yatajwe bila woga, hata kama ilinunuliwa bila cheti cha daktari, kwa kuwa taarifa hiyo inabadilisha namna kila jibu la maabara linavyosomwa. Na siku ya pili au ya tatu, daktari akisema kwamba antibayotiki zinasimamishwa kwa sababu damu haikuotesha kitu, kiashiria kimeshuka na mtoto ameanza kunyonya, hiyo ni hatua ya matibabu sawa na ile ya kuzianza.